Mtoto Akiuliza Habari za Doldol

Somo: Yoshua 4:1–7

  

Katika somo letu la leo wana wa Israeli wamekwisha kuvuka Mto Yordani. Nyuma yao ni jangwa la miaka arobaini. Mbele yao ni nchi wasiyoijua bado. Labda tungedhani kwamba amri ya kwanza ya Bwana ingekuwa kunoa silaha, au kujenga nyumba, au kulima mashamba. Sivyo. Bwana alimwambia Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wakachukue mawe kumi na mawili katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama, wayaweke kambini. Kwa sababu gani? Kwa sababu siku moja watoto watauliza maana ya mawe yale, na wazazi wao wawe na jibu.

Angalieni jambo hili, ndugu zetu. Mungu alilitazamia swali la mtoto. Alijua kwamba watoto huuliza, na kwamba wazee husahau. Tena alijua kwamba wakati mwingine wazee hawasahau, bali hunyamaza. Leo tunataka kuwasimulia juu ya mzee aliyenyamaza, na juu ya mtoto aliyeuliza.

Ukitoka Nanyuki ukaupa Mlima Kenya mgongo, ukapita Naibor na Il Polei, kwa mwendo wa kilomita hamsini hivi utafika Doldol, katika nchi ya Mukogodo, kaskazini mwa Laikipia. Ni mji mdogo. Mtu akipita kwa gari upesi ataumaliza kabla hajaimaliza Sala ya Bwana. Kuna maduka, kuna ofisi za serikali, kuna shule na makanisa, kuna punda waliobebeshwa mitungi ya maji, na mbuzi ambao hawaogopi gari la mtu ye yote. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu, watu wa huko huuona Mlima Kenya ukiwa na theluji yake, nao wenyewe wamesimama katika vumbi wakingoja mvua.

Jumapili moja, baada ya ibada, tulikuwa tumeketi chini ya mgunga pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Mjukuu wake akaja, kijana wa miaka kumi hivi. Akainamisha kichwa kama ilivyo desturi ya watoto wa Kimaasai, na mzee akamwekea mkono utosini. Kisha kijana akatuonyesha vidole vyake. Alikuwa amechuma tunda la mpungate, ule mmea wenye majani manene yenye miiba, na vimiiba vidogo kama nywele vilikuwa vimemwingia ngozini. Akauliza, "Babu, mmea huu ni nani aliuleta?"

Mzee akakaa kimya kitambo. Kisha akamwambia, "Keti. Jibu lake ni refu." Basi alasiri ile yote tukasikiliza. Tuliyoyasikia, pamoja na yale yaliyoandikwa katika vitabu vya historia, tunayaweka leo mbele yenu kama mawe manne.

Jiwe la kwanza ni la mapangoni. Mzee alianza mbali, akauelekeza mkono wake kwenye msitu wa Mukogodo, msitu wa mitarakwa na mizeituni ya mwituni. Alisema, "Bibi yangu alizaliwa katika pango." Kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Wayaaku, ambao wengi huwaita Wamukogodo, waliishi katika mapango ya milima ile hata mwanzoni mwa karne ya ishirini. Waliwinda pimbi na wanyama wengine, na zaidi ya yote walifuga nyuki. Mwanamume alipotaka kuoa, hakupeleka ng'ombe. Alitoa mahari ya mizinga ya nyuki. Nao walikuwa na lugha yao wenyewe, Kiyaaku, isiyofanana na Kimaasai hata kidogo.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Wakoloni walipotenga eneo la Mukogodo, vikundi vingine vyenye kusema Kimaasai na kufuga ng'ombe vililetwa kukaa humo. Watu wakaoana. Baba mwenye binti akaona kwamba jirani huyu analeta ng'ombe, na yule wa msituni analeta mizinga, akachagua ng'ombe. Kijana wa Kiyaaku asiye na mifugo akakosa mke. Basi katika miaka ya 1920 na 1930, katika muda wa kizazi kimoja tu, Wayaaku wakatoka mapangoni, wakatafuta mbuzi na ng'ombe, wakaanza kusema Kimaasai, na lugha ya mama zao wakaiacha.

Tuna methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini tusiwahukumu watu wale upesi. Hawakuiacha asili yao kwa kiburi. Waliiacha kwa sababu waliaibishwa. Mtu asiye na ng'ombe aliitwa Ndorobo, na neno hilo lilikuwa na maana ya fukara, mtu asiye kitu. Mzee wetu alisema, "Mama yangu alinikataza kusema maneno ya nyumbani mbele ya wageni. Alitaka nipate kuoa." Akamgeukia mjukuu wake, akamtamkia maneno machache ya lugha ile, maneno ya nyuki na ya miti. Akamaliza. Hayakuwapo mengine. Kijana alikuwa hajapata kuyasikia tangu azaliwe.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Bernd Heine, aliandika na kuchapisha sehemu ya lugha hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wayaaku wenyewe walitafuta msaada wa wataalamu wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, ili mabaki ya lugha yao yakusanywe. Waliobaki wakiikumbuka wamekuwa wachache mno, wazee wa kuhesabika kwa vidole. Ndugu zetu, kuna watu huko Mukogodo ambao hawana tena maneno ambayo bibi zao walimwombea Mungu kwa hayo.

Jiwe la pili ni la nchi. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na viongozi wa Kimaasai. Wamaasai walitakiwa kutoka katika Bonde la Ufa, wakapewa sehemu mbili, moja upande wa kusini na nyingine hapa Laikipia. Nao wakaahidiwa kwamba sehemu hizo zitakuwa zao siku zote watakapokuwapo Wamaasai duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba tu. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia ili nchi hiyo wapewe walowezi. Maelfu ya watu na mifugo yao wakasukumwa kusini. Wazee, watoto, na ng'ombe wengi wakafa njiani. Baadhi ya Wamaasai, akiwamo Ole Njogo, wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mapatano yale yalikuwa kama mapatano ya nchi na nchi, na mahakama haina uwezo wa kuyaamua. Yaani karatasi iliyokuwa na nguvu ya kuwahamisha haikuwa na nguvu ya kuwatetea.

Miaka mia moja baadaye, mwezi wa Agosti 2004, Wamaasai wa Laikipia wakadai nchi yao. Wengi waliamini kwamba mapatano ya 1904 yalikuwa ya miaka 99, na kwamba sasa muda umekwisha. Wengine waliingiza mifugo katika mashamba makubwa. Askari wakaja, na katika ghasia zile mtu alipoteza maisha yake.

Hapa tunajifunza jambo zito. Mapatano ya 1904 hayakutaja miaka 99 mahali po pote. Hesabu ile ilitoka katika hati za mashamba ya walowezi, ikachanganyika na masimulizi ya wazee. Kumbukumbu isiyoandikwa wala kuchunguzwa huweza kubeba kosa ndani yake, na kosa moja humpa mpinzani wako njia ya kukupuuza. Lakini pia tuseme kweli yote: kosa la hesabu halifuti dhuluma. Aliyeahidiwa nchi ya siku zote akanyang'anywa baada ya miaka saba, huyo amedhulumiwa, hata kama mjukuu wake amekosea tarehe. Someni habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 21. Mfalme alidhani neno limekwisha, kwa kuwa Nabothi alikuwa amekufa. Mungu hakuliona kuwa limekwisha. Alimtuma Eliya akalitaje waziwazi, papo hapo shambani.

Jiwe la tatu ni la chuma. Tangu Kenya ilipopata uhuru, majeshi ya Uingereza yamekuwa yakifanya mazoezi ya vita katika sehemu za Laikipia na Samburu. Askari walipokwisha kuondoka, mabomu mengine yasiyolipuka yalibaki majanini. Huko Doldol na Archer's Post mchungaji wa mbuzi, mara nyingi mtoto, aliona kitu king'aacho akakiokota. Wengine walikufa. Wengine wamebaki bila mikono, bila macho, bila miguu.

Kwa miaka mingi watu walizika watoto wao na kunyamaza, wakidhani kwamba hakuna awezaye kuwasikia. Lakini wengine wakaanza kukusanya habari: jina la mtoto, mahali, mwaka, alikuwa akichunga mifugo ya nani. Chama kimoja cha huko kiitwacho OSILIGI kilifanya kazi hiyo. Na neno osiligi kwa Kimaasai maana yake ni tumaini. Habari zile zikapelekwa kwa mawakili wa Uingereza, na mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ikakubali kulipa paundi milioni 4.5 kwa watu 228. Fedha haziwezi kumrudisha mtoto. Hata hivyo, tufikirini: ni nini kilichowapatia watu wale haki yao? Hawakuwa na mkuki wala bunduki. Walikuwa na majina yaliyokumbukwa. Mama mmoja akataja, jirani akashuhudia, mtu akaandika. Kumbukumbu ya kweli, iliyotunzwa kwa uvumilivu, ilivuka bahari.

Sasa jiwe la nne, ndilo jibu la swali la kijana. Mpungate uliletwa wakati wa ukoloni. Watawala waliukusudia uwe ua wa kupendeza na boma la kuzuia wanyama. Ulipandwa kuzunguka nyumba chache tu. Ulikuwa mmea mmoja, miwili, katika mji mdogo. Ndovu na nyani wakala matunda yake, wakabeba mbegu. Jani lililoanguka likatoa mizizi lenyewe. Leo umefunika malisho mengi ya Mukogodo. Mbuzi wakila tunda lake, vimiiba vinawachoma midomo, ufizi na tumbo, wakashindwa kula, wakafa. Ua lililopandwa ili kulinda limekuwa adui wa malisho yenyewe.

Wasikilizaji wapenzi, je, si hivyo ilivyo aibu? Si hivyo ilivyo chuki? Mtu huipanda kidogo tu, kuzunguka nyumba yake, ili asiumizwe. Mama yule alimkataza mwanawe lugha yake ili kumlinda. Wazee walinyamaza juu ya mashamba na juu ya watoto waliokufa ili vijana wasiingie matatani. Lilikuwa boma la upendo. Lakini kimya nacho huota mizizi. Kikienea, mtoto hana tena malisho. Hajui ametoka wapi, na anapofundishwa chuki na mtu wa kupita njia, hana la kumjibu.

Hapa sisi wa makanisa tunapaswa kukiri. Nasi tumelitumia neno lile Ndorobo. Tumelisema mezani kwa kucheka, huenda hata mimbarani, juu ya mtu mchafu au asiye na shule. Tulikwenda kwa watu wa msituni na Habari Njema mkono mmoja, na dharau katika mkono wa pili. Yesu hakuwadharau wavuvi. Wala Roho Mtakatifu, siku ya Pentekoste, hakuwataka watu wajifunze kwanza lugha ya wakubwa. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Mbele za Mungu hakuna lugha ya fukara. Kama tumekosa katika jambo hili, na tumekosa, tumwombe Mungu msamaha, tena tuwaombe na ndugu zetu.

Lakini labda mtu atatuuliza, "Je, kukumbuka hivi hakutaleta vita? Si afadhali kusahau?" Swali hilo ni la haki. Kuna mtu akumbukaye kama anayenoa panga. Ndiyo sababu tunamtazama Bwana wetu. Yohana anatueleza katika mlango wa ishirini jinsi Yesu aliyefufuka alivyowatokea wanafunzi wake. Mauti ilikuwa imeshindwa, mwili wake ulikuwa wa utukufu. Hata hivyo alama za misumari zilikuwapo. Baba aliyeweza kumfufua asingeshindwa kuyaondoa makovu yale. Hakuyaondoa. Naye Yesu hakuyaficha. Alimwonyesha Tomaso, akamkaribisha ayaguse. Lakini hakuyatumia makovu yale kuwalaani waliomsulibisha. Aliyaonyesha pamoja na salamu ya amani.

Basi hiyo ndiyo njia ya Mkristo. Hatuambiwi tujifanye kwamba hatukuchomwa. Wala hatupewi ruhusa ya kumchoma mwingine. Tunaambiwa tuyaonyeshe makovu, tuseme kweli, tutafute haki mchana kweupe, na kuyasema hayo yote tukiwa na amani midomoni.

Pengine wewe unayetusikiliza huko Doldol. Uko Nyeri, au Karatina, au Meru, au mbali zaidi. Lakini hakuna mji usio na mawe yake. Kuna kaburi lisilo na jina. Kuna jamaa waliohamishwa. Kuna neno la matusi ambalo mji wako huwaita watu fulani. Tunakuomba ufanye mambo matatu juma hili. Kwanza, mwendee mzee mmoja, umwulize jambo ambalo hujapata kumwuliza, na umsikilize mpaka mwisho bila kumharakisha. Pili, andika uliyosikia katika daftari, pamoja na majina na miaka, na pale ambapo mzee hana hakika, usimtungie. Tatu, ikiwa wewe ndiwe mzee, usingoje kuulizwa. Waite watoto. Mawe ya Yoshua hayakuwa na sauti. Yalihitaji baba na mama wa kuyasemea.

Tumalizie na kijana wetu. Mzee alipokwisha kusema, jua lilikuwa linakaribia kutua. Akachukua mkono wa mjukuu wake, akaanza kuvitoa vile vimiiba, kimoja kimoja, kwa kucha zake za kizee, akivitafuta kwa shida kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Kijana alivumilia. Kisha akasema, "Babu, yale maneno ya nyuki, yarudie." Mzee akayarudia. Kijana akayatamka vibaya, tukacheka sote. Akayatamka tena, safari hii vizuri zaidi. Na mzee akageuza uso wake upande wa msitu ili tusimwone.

Tukajua kwamba jiwe moja limewekwa kambini.

Na tuombe.

Ee Bwana, Mungu wa baba zetu na wa mama zetu, wewe uliyewaona mapangoni na malishoni, njiani walipohamishwa, na makaburini mwa watoto wao. Utusamehe kimya chetu na dharau yetu. Utupe ujasiri wa kusema kweli, na moyo usiotaka kisasi. Uwabariki wazee wa Mukogodo, ukawape siku za kutosha kusimulia. Uwabariki watoto wao, ukawape masikio. Unyeshe mvua katika nchi yao. Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, aliyefufuka akiwa na makovu yake. Amina.